BARABARA INAYOUZUNGUKA MJI WA DODOMA

Ndugu msomaji, tuseme umepanda lori kutoka Dar es Salaam kwenda Singida. Umefika Dodoma. Huna shida yoyote Dodoma. Hununui kitu, wala hukuja kumwona mtu. Lakini lori lako linaingia mjini. Linasimama kwenye taa. Linangoja daladala zishushe abiria. Linapita penye shule na penye maduka, kisha linatoka upande wa pili wa mji.

Lori moja si kitu. Lakini malori ni mengi. Yanatoka bandarini na mizigo ya Rwanda, ya Burundi na ya Kongo. Mengi yanafuata njia hiyo hiyo moja.

Hii ndiyo sababu Serikali iliamua kuijengea Dodoma barabara ya kuuzunguka mji. Barabara ya namna hii huitwa barabara ya mchepuo. Maana yake ni kwamba gari linachepuka kando, haliingii mjini. Mchepuo wa Dodoma una jambo la pekee. Haupiti upande mmoja tu wa mji. Unauzunguka mji wote, kama mkanda unavyozunguka kiuno. Urefu wake ni kilomita 112.3. Ni karibu sawa na kutoka Dodoma mjini kwenda Bahi na kurudi.

MJI ULIVYOKUA

Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Mji ukakua kuizunguka stesheni. Barabara nazo zikaja kukutana hapo hapo katikati. Ya Dar es Salaam ilitoka mashariki. Ya Singida ilitoka magharibi. Ya Arusha ilitoka kaskazini kupitia Kondoa. Ya Iringa ilitoka kusini.

Siku zile hapakuwa na taabu. Magari yalikuwa machache. Tena barabara ya Kondoa na ile ya Iringa zilikuwa za udongo. Masika ikikolea, lori lilikwama siku mbili tatu, na utingo akalala chini ya tela.

Mwaka 1973 ilikatwa shauri kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Shauri hilo lilichukua miaka mingi kutimia. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhamia kweli kweli, na watu wakaifuata. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179. Fanya hesabu mwenyewe. Katika miaka kumi waliongezeka watu zaidi ya laki tatu na nusu.

Mwaka 2018 lami ilifunguliwa kwenda Babati, na ikafunguliwa pia kwenda Iringa. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini lami huleta malori. Sasa yakawa yanaingia Dodoma kutoka pande zote nne.

Mwezi wa Februari mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la barabara ya mzunguko. Fedha nyingi za kazi hiyo ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkopo hulipwa, nasi ndio tunaolipa kwa kodi zetu. Kwa hiyo ni haki yetu kuuliza barabara hii itatufaa nini.

MAHALI PA KUTOKEA

Barabara hii ina njia nne. Mbili ni za kwenda na mbili ni za kurudi. Si kama barabara ya kijijini, ambayo mtu hukata kona popote anapoona nyumba ya shemeji yake. Gari la safari huingia na kutoka penye makutano, mahali barabara ya mzunguko inapokutana na barabara kuu nyingine. Ukiyajua makutano hayo utajua pa kushuka, na utajua pa kungojea gari.

Tuanzie mashariki. Ukitoka Dar es Salaam unaikuta barabara ya mzunguko upande wa Ihumwa na Mtumba. Mtumba ni mahali ulipo Mji wa Serikali, wenye ofisi za wizara, uliozinduliwa mwaka 2019. Ihumwa ndipo palipotengwa kwa bandari kavu. Bandari kavu ni nini? Ni mahali pa kupokelea mizigo mbali na bahari. Sanduku kubwa la chuma linashushwa melini Dar es Salaam, linasafirishwa bila kufunguliwa, na mambo ya forodha yanafanyika Ihumwa.

Hapa dereva anachagua. Akishika upande wa kaskazini, anapita Mtumba na Veyula mpaka Nala. Ni kilomita 52.3. Akishika upande wa kusini, anapita Matumbulu mpaka Nala hiyo hiyo. Ni kilomita 60.

Veyula ni kwa wasafiri wa Kondoa, Babati na Arusha. Jirani yake ni Msalato, palipochaguliwa pajengwe uwanja mkubwa wa ndege. Mbele yake ni Makutupora, vinakotoka visima vya maji ya mjini.

Nala ni lango la magharibi. Magari ya Singida, Tabora, Mwanza, Bukoba na Kigoma hutokea hapo. Hapo Nala kipo pia kiwanda cha mbolea. Ukiwa mkulima wa Bahi au Manyoni, hilo si jambo dogo kwako. Lori lililobeba mbolea linaweza kuelekea upande wowote wa nchi bila kuukanyaga mji.

Matumbulu ni upande wa kusini, kwenye njia ya Iringa. Huko kuna mashamba ya zabibu. Zabibu haingoji. Ukiichuma leo, kila saa ya kusimama juani inakupunguzia bei.

Lakini tusidanganyane. Kuzunguka ni mbali kuliko kupita katikati. Yeyote aliyewahi kuzunguka shamba badala ya kulikata katikati anajua hivyo. Faida ya mzunguko si ufupi wa njia. Faida yake ni kwamba lori haliwashi breki kila baada ya hatua mia, na mtoto wa shule mjini havuki mbele ya tela. Kama una matenga ya nyanya unayapeleka soko la Majengo, barabara ya mzunguko si yako. Wewe ingia mjini kama kawaida. Ukimwona kondakta anashika mzunguko, muulize kabla hujalipa.

KUVUKA NA MIFUGO

Barabara hii inapita katika nchi ya wafugaji. Kuna watu ambao nyumba yao iko upande mmoja, na malisho yao yako upande mwingine. Hao ndio walio katika hatari kubwa, kwa sababu wanavuka kila siku.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kwa sekunde moja. Sekunde moja ni kama kutamka neno “ng’ombe” polepole. Mtu mzima anayetembea hutumia kama sekunde saba kuvuka njia mbili za upande mmoja. Katika muda huo lori limekwisha kwenda zaidi ya mita 150. Kwa hiyo lori unaloliona kule mbali, dogo kama kisanduku cha kiberiti, linaweza kukukuta katikati. Nalo likiwa na mzigo haliwezi kusimama ghafla, hata dereva akitaka.

Ng’ombe hawatembei kama mtu. Wa kwanza anavuka, wa tatu anageuka nyuma, na wa mwisho anasimama kunusa lami. Hivyo usiwavushe popote. Wapeleke penye kivuko kilichowekwa, hata kama ni mbali. Wachungaji wawe wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mtoto mdogo asipewe kazi hii peke yake. Jioni, jua likiwa linazama, dereva anayeelekea magharibi hupigwa na mwanga machoni. Wakati huo ng’ombe wa rangi ya udongo haonekani.

MJI HUIFUATA BARABARA

Sasa twende kidogo Dar es Salaam, kwa maana huko jambo hili limekwisha kutokea, na wa Dodoma wanaweza kujifunza.

Dar es Salaam ina Barabara ya Mandela. Zamani iliitwa Port Access, yaani njia ya bandarini. Ilijengwa ili malori yatoke bandarini yafike Ubungo kwenye barabara ya Morogoro, bila kupita Kariakoo wala katikati ya mji. Ilikuwa barabara ya kuukwepa mji.

Mji ukaifuata. Tabata, Buguruni na Ubungo zikajaa nyumba, viwanda, gereji na vibanda. Kila njia ya uchochoroni ikatokea barabarani. Watu wakavuka popote. Magari yakasimama Ubungo na TAZARA mpaka abiria wakashuka wakatembea kwa miguu. Dawa ikawa ya gharama kubwa. Mwaka 2018 lilifunguliwa daraja la juu pale TAZARA, liitwalo Mfugale. Mwaka 2021 yalifunguliwa madaraja ya Kijazi pale Ubungo, ambapo magari hupita katika ngazi tatu, moja juu ya nyingine.

Mchepuo wa Dodoma nao unaweza kuliwa na mji. Mwandishi huyu anaamini kwamba hatari hiyo haitaanza na maghorofa. Itaanza na kibanda kimoja cha chai karibu na makutano. Kisha gereji. Kisha nyumba.

SHAMBA LAKO NA BARABARA

Karibu na makutano yoyote mapya hutokea watu wa kununua viwanja. Wanakuja na fedha taslimu. Wanamwambia mzee kwamba shamba lake halina maana tena. Kama halina maana, kwa nini wanalitaka? Usiuze kwa haraka. Uliza bei kwa watu wengine. Uza mbele ya viongozi na mbele ya mke au mume wako, kwa maandishi, na uyasome maandishi hayo mwenyewe. Hiyo ni faida moja ya kujua kusoma.

Kama shamba lilitwaliwa ili barabara ipite, sheria inataka ulipwe fidia kamili, ya haki, na kwa wakati. Fidia si ya nyumba peke yake. Inahesabu ardhi, miti, mazao ya kudumu kama mizabibu, gharama ya kuhama na posho ya usumbufu. Makaburi nayo yana utaratibu wake. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, yanapaswa kuongezwa riba. Weka nakala ya karatasi uliyotia sahihi siku ya tathmini. Mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika jambo hili.

Kuna jambo la mwisho ambalo wengi wameumia nalo. Barabara ina eneo lake pembeni, liitwalo hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa, sheria ya mwaka 2007 iliweka mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Kabla ya hapo zilikuwa mita 22.5. Zipo barabara chache zenye hifadhi pana zaidi. Ya Morogoro, upande wa Kimara, ni mojawapo, na mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa huko.

Sheria ya 2007 ilipoanza, nyumba zilipigwa alama ya X. Nyekundu ilikuwa ya aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani. Huyo hakustahili fidia. Ya kijani ilikuwa ya aliyekuwa nje, lakini hifadhi mpya ikamfikia. Huyo alistahili kulipwa. Lakini anayejenga leo ndani ya hifadhi asingoje kijani.

Kwa hiyo kabla hujachimba msingi karibu na barabara hii, nenda ofisi ya TANROADS ya mkoa ukaulize mpaka uko wapi. Kuuliza hakuna malipo. Tafuta vigingi vya zege shambani kwako. Ukikuta kigingi kimeng’olewa, usikirudishe mwenyewe, wala usikifanye jiwe la kunolea panga. Mwambie mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji siku hiyo hiyo, na uandike tarehe uliyomwambia.