Kipi Kivunjike Kwanza

Katika gemu la Kerbal Space Program, tangi la mafuta la FL-T400 hulipuka likigonga ardhi kwa zaidi ya mita 6 kwa sekunde. Kapsuli ya Mk1, anamokaa rubani, huvumilia hadi mita 14. Kila kipande kina namba yake, nayo imeandikwa wazi. Anayezisoma namba hizo kabla ya kuunda roketi ndiye anayewarudisha hai marubani wa gemu hili, wale viumbe wa kijani.

Gemu hili liliundwa na kampuni ya Squad ya Mexico City, likafika kwa wachezaji mwaka 2011, na toleo kamili likatoka 2015. Halimwonei mtu huruma, na hapo ndipo lilipo tamu kwangu: ukikosea hesabu, unaiona hesabu yenyewe ikitawanyika ardhini.

Wengi huiogopa kasi ya kushuka wakaisahau ya pembeni. Chombo kinaweza kuteremka taratibu kabisa juu ya Mun, mwezi wenye mvutano kama wa Mwezi wetu, lakini kama bado kinateleza kando, mguu mmoja utashika mteremko na roketi nzima itapinduka. Tangi hulala ubavu, linapasuka, injini inafuata. Dawa yake ni kuielekeza injini ikisukume chombo kinyume kabisa na mwendo, si kwenda juu tu, mpaka mwendo wa kando uishe. Tena tahadhari na kipimo cha urefu: kwa kawaida kinahesabu kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kinaweza kusoma maelfu ya mita wakati mlima uko chini ya miguu yako.

Duna, sayari nyekundu ya gemu hili, ina hewa, lakini nyepesi mno. Miavuli hupunguza kasi bila kuimaliza. Sekunde za mwisho ni za injini. Mwezi uitwao Tylo ni balaa zaidi: ukubwa wa sayari ya nyumbani ya viumbe hao, mvutano unaokaribia wake, hewa hakuna. Huko kila kasi uliyoingia nayo utailipia kwa mafuta.

Mafuta yakiisha kabla ya kufika chini, bado kuna uamuzi wa kufanya. Kasi lazima iende mahali, basi iende kwenye vitu usivyovihitaji tena. Geuza chombo ili injini iliyozimika na tangi tupu vitangulie, kapsuli ibaki juu. Hata nje ya gemu, wahandisi wa Mars Pathfinder, mwaka 1997, walikizungushia chombo chao mifuko ya hewa, kikadunda zaidi ya mara kumi juu ya Mirihi, kisha kikafanya kazi.

Na kama ni Mun, ipo njia ya mwisho: mtoe rubani nje angali juu. Mkoba wa jeti alioubeba mgongoni una nguvu ya kumshusha peke yake. Anza mapema, na umpunguzie mwendo wa kando kwanza.