Ningu na Mlango wa Mto

Masika yanapokolea kwenye miinuko ya Elgon na Cherang'ani, Mto Nzoia huvimba, hugeuka rangi ya udongo na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Kwa ningu aliyeko ziwani, huo ni mwito wa kuondoka.

Ningu ni samaki mwenye mdomo uliokaa upande wa chini, na chakula chake ni mwani na mabaki ya mimea anayoyakwangua kwenye mawe na matope. Sehemu kubwa ya mwaka hukaa ziwani. Mito inapojaa, madume na majike wenye mayai hukusanyika pale mto unapoingia ziwani, kisha hupanda kwa makundi, wakishindana na mkondo, mpaka wafike kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Hapo ndipo hutaga. Nzoia ni mmoja tu wa mito yao. Wamo pia wa Kagera.

Kwa nini wasitage ziwani na kujiepusha na safari hiyo? Jibu liko kwenye nyasi zile. Samaki aitwaye ngege huatamia mayai yake mdomoni, lakini ningu huyaacha, na ziwani yai lililoachwa halikosi wa kulila. Kwenye mafuriko maji ni ya kina kifupi, jua huyapasha joto, nyasi zinazooza hustawisha viumbe vidogo vinavyofaa kuliwa na vifaranga, na samaki wakubwa hawafiki kwa urahisi. Maji yanapoanza kupungua, watoto huyafuata hadi mtoni na hatimaye ziwani. Wazazi wakichelewa, mayai huachwa pakavu. Kwa hiyo mwili wenyewe umefungamana na mvua: mayai hukua na kusubiri, na mto unapojaa, tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni za kuyakomaza.

Wapo samaki wanaosafiri kinyume kabisa na ningu. Mikunga wa maji baridi hukulia katika mito yetu inayoelekea Bahari ya Hindi, kisha wakipevuka huteremka baharini kuzaa. Kabla ya kuondoka, macho yao hukua, tumbo huacha kazi ya kusaga chakula, na matamvua yaliyozoea kutunza chumvi mwilini huanza kuitoa. Wanasayansi wanaamini kwamba mazalio yao yako mashariki ya Madagaska. Watoto wao, wembamba kama majani na wanaopenyeza mwanga, hurudishwa na mikondo ya bahari.

Samaki wa namna hii, awe ningu au mkunga, ana udhaifu mmoja: lazima apite mlangoni. Watu wa Nzoia walilijua hilo zamani, wakajenga nyuzio za miti mtoni na kuweka migono, na uvuvi huo ulilisha vijiji kwa vizazi. Nyavu za makila zilifika Ziwa Victoria mwaka 1905. Baadaye nyavu za macho madogo zikategwa kwenye midomo ya mito wakati uleule ningu wanapopanda, na waliokamatwa walikuwa majike ambao hawajataga. Mwaka 1965 mtafiti Cadwalladr alichapisha maelezo ya jinsi uvuvi wa ningu ulivyoporomoka, na jinsi mbinu za asili za Nzoia zilivyofifia pamoja nao.

Naukazia mwaka huo kwa sababu tumezoea kumtwika sangara kila msiba wa ziwa hili. Sangara aliongezeka sana miaka ya 1980. Kufikia wakati huo ningu alikuwa ameshapungua, kwa nyavu zetu. Kisha tukalima mpaka kingo za mito na kukausha maeneo oevu, yaani tukamwondolea hata kitalu chake.

Nchini Uganda watafiti wamefaulu kumtagisha ningu akiwa kifungoni kwa sindano za homoni na kuangua vifaranga. Ni kazi ya kupongezwa, na inaweza kumfikisha ningu kwenye mabwawa ya wafugaji. Lakini kifaranga wa bwawani akiachiwa ziwani, atakapopevuka atautafuta mto kama mama yake, na atakutana na makila yaleyale. Kinachotakiwa kwanza ni kuondoa nyavu kwenye midomo ya mito katika majuma ya masika na ya vuli, Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na mvuvi anayezitoa asaidiwe kula katika majuma hayo.