Kuchuja Maneno ya Ekegusii kwa Kompyuta: Kiambishi Kimoja, Sura Mbili

Ekegusii, lugha ya Kibantu ambayo Guthrie aliipa nambari E42, huzungumzwa hasa katika kaunti za Kisii na Nyamira. Mtunzi wa kamusi aliye na matini ndefu ya lugha hii katika faili la kompyuta aghalabu huhitaji orodha ya maneno ya ngeli fulani, kila neno likitokea mara moja tu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi orodha hiyo inavyopatikana, na jinsi inavyoweza kumpotosha mtafiti.

Na ichukuliwe ngeli ya 7, inayolingana na KI- ya Kiswahili. Mtafiti akiiagiza programu iitwayo grep itafute maneno yaanzayo kwa eke-, atapata ekerogo (kiti) na jina Ekegusii lenyewe. Lakini egetabu (kitabu) na egesaku (ukoo) hayataonekana. Sababu yake ni Kanuni ya Dahl: k ya kiambishi hugeuka kuwa g iwapo shina linaanza kwa konsonanti isiyo ghuna. Kwa hiyo ruwaza sharti ikubali sura zote mbili:

grep -oiE "\be[kg]e[a-z']+" matini.txt | tr A-Z a-z | sort -u

Hapa -o hutoa neno lililolingana badala ya mstari mzima. -i hupuuza tofauti ya herufi kubwa na ndogo. Amri ya tr huzifanya zote kuwa ndogo. Na sort -u hupanga maneno na kufuta yanayojirudia.

Alama ya ritifaa nayo haikutiwa bure. Katika ngeli ya 1, ruwaza isiyo na ritifaa hulikata omong'ina (mwanamke mzee) likabaki omong, umbo lisilo neno.

Hata hivyo, upekee wa herufi si upekee wa neno. Ekegusii ina irabu saba zinazoandikwa kwa herufi tano, na toni haiandikwi. Hivyo umbo moja laweza kuficha maneno mawili. Kadhalika, ekenene (-kubwa) litaingia orodhani ingawa ni kivumishi. Kompyuta huchuja maandishi tu. Asiyeijua fonolojia ya lugha atapata orodha safi yenye pengo, wala hakuna kitakachomwonya.