Paa likivuja, ni la nani?

Masika yakianza Dar es Salaam, simu za wenye nyumba huita bila kupokelewa. Bati linavuja, chemba imefurika, maji yamepanda ukutani mpaka rangi inabanduka. Mpangaji wa Manzese au Buguruni analijua jibu kabla hajapiga: subiri mvua zikatike. Zikikatika, na bati nalo linasahauliwa hadi vuli.

Sheria haimumunyi maneno. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinambana mwenye nyumba hata pale mkataba ulipokaa kimya. Akipangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje, mifereji mikuu na maeneo yanayotumiwa na wote ni juu yake, na chumba cha kuishi sharti kikalike tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kifungu cha 89 kinamgeukia mpangaji: atunze alichokabidhiwa, akirudishe kama alivyokikuta, ila uchakavu wa kawaida hadaiwi. Rangi iliyopauka kwa miaka si deni lake. Mlango alioupiga teke ni wake.

Kinachomvunja mpangaji nguvu ni kodi ya miezi sita. Ameshatoa yote, na ya dalali juu. Kitasa kikikatika wiki ya pili, atamshika mwenye nyumba kwa lipi? Tangu sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilipofutwa mwaka 2005, masharti ya malipo yamebaki kuwa mapatano ya watu wawili, na mmoja wao ndiye mwenye nyumba. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo, lakini nani atafungua shauri kwa ajili ya koki?

Basi watu hukatana kwenye kodi. Mpangaji anaita fundi, analipa, anapunguza malipo yajayo. Ni utaratibu mzuri ukikubaliwa kabla fundi hajafika. Ukitangazwa baadaye ni ugomvi, maana fundi wa mtaani haandiki risiti. Meseji inatosha: “Shikamoo mzee, koki ya choo imekufa, fundi anataka elfu kumi na tano, nikate kwenye kodi?” Jibu lake lisifutwe.

Kwenye nyumba za vyumba vingi na choo kimoja uani, mambo ni mazito zaidi. Shimo likijaa, gari la majitaka analipa nani? Kwa kawaida huchangwa kwa chumba, hivyo mwenye watoto watano analipa sawa na bachela. Mimi naona kujaa kwa shimo ni matumizi, wapangaji wachange, tena kwa vichwa. Ila shimo linalojaa kila mara kwa kuwa lilichimbwa dogo au limetitia, hilo ni jengo. Wapo wenye nyumba wanaoyachanganya haya mawili makusudi, kama walivyo wapangaji wanaotupa nepi chooni kisha wakalaumu bomba.

Na huyo mwenye nyumba si tajiri kila mara. Mara nyingi ni mstaafu au mjane anayeishi chumba cha mbele. Kodi ya mkupuo ikiingia, inakwenda kwenye ada ya shule na deni la dukani. Mvua zikifika, hela ya bati haipo. Angelipwa kila mwezi, fundi angepata chake mwezi ujao. Kwa mkupuo, yeye na mpangaji wake wote wanangoja miezi sita iishe.