Watu 12 wa kukuhukumu: Marekani wanawachuja kwa saikolojia!

Wiki hii naanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana jioni, stendi ya Mbagala, niliibiwa simu nikigombania daladala. Kugeuka, nikamwona kijana mmoja kavaa kofia, kaishusha mpaka machoni. Nikapiga kelele, "Mwizi huyu!" Wee, dakika haikuisha, kashadakwa na makofi yanamshukia. Wakamsachi mpaka soksi, simu hakuna. Konda mmoja ndiye aliyemwokoa, akasema kijana yule kashuka kwenye gari lake sasa hivi, hata upande wangu hajafika. Nikaomba radhi. Akanitazama tu, akafuta damu mdomoni, akaenda zake.

Kijana huyo alinirudia kichwani juzi niliposoma jinsi Wamarekani wanavyopata watu wa kuamua kesi. Huko kesi nyingi kubwa haamui jaji peke yake. Raia wa kawaida 12, fundi bomba, mwalimu, mama wa nyumbani, wanakaa pembeni wanasikiliza, halafu wao ndio wanaosema mtu ana hatia au hana. Ndiyo juri hiyo. Kwetu Bara, hata jaji akikaa na wazee wa baraza, maoni yao hayamfungi. Kule juri ikisema hana hatia, imetoka hiyo, mtu anarudi kwao.

Hao 12 wanapatikanaje? Wanaitwa watu wengi, wanahojiwa. Ukionekana una upendeleo wa wazi, tuseme mshitakiwa ni shemeji yako, unatolewa. Zaidi ya hapo, kila upande una nafasi kadhaa za kumtoa mtu bila kueleza kwa nini. Hapo ndipo mwanasaikolojia wa kukodi anapomnong'oneza wakili. Na usidhani wakili anamchagua anayempenda. Anamfyeka anayemwogopa, wanaobaki ndio juri.

Mchezo huu ulipata jina mwaka 1972, mji wa Harrisburg, Pennsylvania. Padri Philip Berrigan na wenzake sita, wapinzani wa vita ya Vietnam, walishitakiwa kwa kula njama, ikiwemo ya kumteka Henry Kissinger. Mji wenyewe ulikuwa wa watu wasiopenda kabisa mambo ya kupinga serikali. Basi mtaalamu mmoja wa mambo ya jamii, Jay Schulman, pamoja na wenzake wakiwemo wanasaikolojia, wakawapigia simu wakazi 840, kisha wakawahoji 252 kwa kirefu: dini yako, gazeti unalosoma, serikali unaiamini kiasi gani. Majibu yakawaacha midomo wazi. Wasomi, ambao wewe na mimi tungesema ndio watakaowaelewa wapinga vita, kwa Harrisburg ndio walikuwa wagumu! Mawakili wakageuza mipango. Mwishowe juri ikagawanyika, 10 wanataka kuachia, 2 wamegoma katakata, na shitaka la njama likaishia hapo. Lakini kumbuka, hao 2 nao walipita kwenye chujio hilohilo.

Kesi ya O.J. Simpson ndiyo inayonoga zaidi. Kila mtu aliyetaka kuingia kwenye juri ile alijaza fomu ya maswali karibu 300. Mwendesha mashitaka, Marcia Clark, aliamini wanawake wangemchukia mwanaume anayepiga mke. Mtaalamu aliyekuwa upande wake akamwambia hapana, wanawake weusi wengi wanampenda O.J. Clark akafuata moyo wake, mtaalamu akawekwa kando. Upande wa O.J. wao walimsikiliza mtaalamu wao, Jo-Ellan Dimitrius. Juri ikaishia na wanawake 10, na Oktoba 1995, baada ya kujadiliana chini ya saa nne, O.J. akatoka huru.

Mnamkumbuka Dr. Phil wa kwenye runinga? Naye alikuwa kwenye biashara hiyohiyo ya kuwashauri mawakili. Alikutana na Oprah Winfrey pale wafuga ng'ombe wa Texas walipomshitaki bibie kwa maneno yake kuhusu kichaa cha ng'ombe. Kesi ilisikilizwa Amarillo, kwa wafugaji wenyewe, na mwaka 1998 Oprah akashinda. Mwaka 2002 Phil akapata kipindi chake.

Ila kuna linalonikera. Wataalamu hawa ni ghali, na kapuku anayetetewa na wakili wa serikali anawasikia tu. Halafu utafiti wenyewe unaonyesha jinsia au kazi ya mtu haitabiri sana atakavyoamua, ushahidi ndio wenye nguvu zaidi. Mahakama Kuu ya Marekani ilishapiga marufuku kumtoa mtu kwa sababu ya rangi mwaka 1986, na kwa sababu ya jinsia mwaka 1994. Sababu nyingine za kusingizia hazikosekani.

Kati ya maswali wanayouliza sana kuna hili: umewahi kuibiwa wewe au ndugu yako? Nilimsomea dada yangu, anayeijua habari yangu ya Mbagala.

"Wewe wangekufyeka wa kwanza," akaniambia, hata hakucheka.

Sikubisha. Mpaka leo nikifika stendi ile mkono uko mfukoni, na macho yako kwenye kofia za watu.