Ajira ya programu huria: Kihesa ina cha kuuza, lakini hatari zipimwe

Mnunuzi wa mahindi akifika Kihesa, Manispaa ya Iringa, halipi kwa maneno ya muuzaji. Huchoma bambo kwenye gunia, akatazama punje, akatafuna moja mbili kujua ukavu wake, ndipo mazungumzo ya bei yaanze. Lipo soko jingine linaloendeshwa kwa desturi hiyo hiyo, ambalo kijana mwenye kompyuta katika chumba cha kupanga hapo hapo Kihesa anaweza kuliingia bila kupanda basi. Ni soko la ajira za watengenezaji wa programu huria, zikiwemo zile za kulinda uhuru wa intaneti.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya maelekezo yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Katika kundi la uhuru wa intaneti imo Tor, inayoficha mtumiaji yuko wapi na anatembelea tovuti zipi. Imo pia OONI, mradi ulioanza mwaka 2012, ambao programu yake hupima ni tovuti zipi zimefungwa katika nchi fulani. Bidhaa hizi hutolewa bure. Kinacholipiwa ni kazi ya watu wachache wanaozitengeneza na kuzitunza.

Kazi ya namna hii si ngeni nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Wakati huo aliyekuwa mbali na Dar es Salaam alikuwa mbali na soko. Hali ilianza kubadilika mwaka 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika nchini na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipoanza. Leo mji wa Iringa una Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha, vyote vikifundisha masomo ya kompyuta. Kwa hiyo mali ghafi ipo.

JINSI MNUNUZI ANAVYOPIMA

Miradi hii haina ghala wala jengo kubwa la ofisi, na wafanyakazi wake wengi hukaa nchi mbalimbali. Tangazo la kazi hutaja lugha za programu zinazotakiwa, kama Go, Rust au Python, kisha humtaka mwombaji aonyeshe msimbo aliokwisha kuandika. Cheti kina uzito wake, lakini hakitoshi. Anayeajiri hufungua kazi za mwombaji zilizo hadharani akatazama viraka alivyotoa kurekebisha makosa, jinsi alivyoyaeleza, na kama alipokosolewa alijibu kwa hoja au kwa hasira. Hapo ndipo bambo linapochomwa.

Maana yake ni kwamba mtaji wa kwanza si fedha. Ni miezi ya kutoa viraka vidogo bila malipo, mpaka jina lijulikane kwa wanaotunza mradi. Njia ya kati ipo pia. Outreachy, mpango wa mafunzo kazini ulioanzia mradi wa GNOME mwaka 2010 kwa ajili ya wanawake, sasa hupokea pia makundi mengine yenye uwakilishi mdogo katika teknolojia. Posho yake katika miaka ya karibuni imekuwa Dola 7,000 kwa miezi 3, na kazi hufanyiwa nyumbani.

MALIPO NA THAMANI YAKE

Anayelipwa kwa Dola akumbuke kuwa anakula kwa Shilingi. Mwaka 2024 Dola moja ilipita Sh. 2,700, lakini kufikia Desemba ilikuwa imeshuka chini ya Sh. 2,500. Kwa kila Dola 1,000, tofauti hiyo inazidi Sh. 200,000. Aliyepanga ada na kodi ya nyumba kwa bei ya juu aliumia. Aidha, mapato ya kutoka nje hayakwepi kodi. Mkazi anapaswa kuyatangaza TRA kama mapato mengine.

HATARI TATU

Ya kwanza ni wafadhili. Mwezi Aprili 2020 Tor ilipunguza wafanyakazi 13 na kubaki na 22. Mwezi Machi 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kusitisha ruzuku ya Open Technology Fund, mfuko uliokuwa tegemeo la miradi mingi ya aina hii, na mfuko huo ukakimbilia mahakamani. Muuzaji mwenye mnunuzi mmoja hana soko, ana bahati tu.

Ya pili ni mtandao wenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini na huduma zikayumba nchini. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa hadi mwanzoni mwa Novemba. Aliyeahidi kukabidhi kazi wiki hiyo hakuwa na njia ya kuituma, wala ya kumweleza mwajiri sababu.

Ya tatu ni sheria. Mwezi Oktoba 2023 TCRA iliwataka watumiaji wa VPN kujisajili kabla ya mwisho wa mwezi huo, ikikumbusha adhabu ya faini isiyopungua Sh. milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kijana anayetengeneza zana zinazokaribiana na hizo asome kanuni kwanza, asije akazijulia kituo cha polisi.

Kwa mzazi au mwekezaji mdogo anayefikiria kumnunulia kijana kompyuta na vifurushi, soko hili si ndoto, lakini si mshahara wa uhakika pia. Kijana awe na kazi ya pili ya wateja wa hapa hapa, na akiba ya miezi kadhaa. Naye mwenye duka anayetafuta mtu wa kumtengenezea programu ya hesabu za stoo anaweza kuiga utaratibu huo huo: kabla ya kutoa malipo ya awali, aombe kuona kazi iliyokwisha kufanyika, aijaribu kwa mikono yake, na amuulize aliyeitumia.