Mwili Wako Si Barua ya Maombi ya Kazi

Huenda nyumbani kwenu yupo dada au kaka aliyemaliza chuo, na sasa anasugua soli akitafuta kazi. Unajiuliza, mbona amesoma na bado hapati?

Zamani hapa Tanzania, mhitimu wa chuo kikuu alipangiwa kazi na serikali. Utaratibu huo ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tena mwaka 1984 nchi nzima ilikuwa na vyuo vikuu viwili tu, Dar es Salaam na Sokoine. Leo vyuo ni vingi, wahitimu ni wengi zaidi, na nafasi hugombewa.

Kwenye kugombea huko ndiko wanakojificha wenye tamaa. Bosi anamwambia binti, "Vyeti vyako safi, lakini njoo jioni tuongee vizuri." Hiyo ndiyo rushwa ya ngono. Wavulana nao wanaombwa, ila wengi wanaona aibu kusema.

"Si mara moja tu?" Hapana! Anayebembeleza kazi hana sauti ya kusema, "Vaa kondomu." Anaweza kupata mimba, magonjwa ya zinaa au virusi vya UKIMWI. Kazi yenyewe anaweza asipewe, na akipewa, bosi atarudi kudai tena. Hapo huzuni na kujilaumu humtafuna mtu hadi akakosa usingizi.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema mwenye mamlaka akidai ngono ili atoe ajira, ametenda kosa.

Basi ufanye nini yakikukuta wewe au ndugu yako?

1. Usiende kwenye usaili wa gesti au wa usiku. Mwambie mtu unayemwamini unakokwenda.
2. Tunza ujumbe wa simu. Ni ushahidi.
3. Toa taarifa TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo.
4. Kama umeshafanyiwa, wahi hospitali mara moja. Zipo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, lakini lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita.

Na dada akikueleza yaliyomkuta, usimuulize alivaa nini. Msikilize, kisha msindikize. Mwenye kosa ni yule aliyekalia kiti cha ofisi.